Kukuza si Kuona

Watu wakisikia kwamba mzee aliyestaafu ualimu anakesha akitazama nyota, hudhani ama amekuwa mpiga ramli, ama hana kazi ya kufanya. Mimi sipigi ramli, na kazi ninazo: nina mihogo, nina mbuzi, nina wajukuu. Lakini ni kweli kwamba usiku wa giza, mawingu yakiwa mbali, huitoa darubini yangu na kuisimamisha uani, hapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, nje kidogo ya Mwanza mjini. Katika kurasa hizi nataka kueleza jambo dogo, yaani namna ya kuchagua vioo vya darubini, pamoja na jambo kubwa lililonijia kupitia hilo dogo. Jambo kubwa lenyewe ni swali. Mtu anayewaonyesha wengine kitu, wajibu wake unafika wapi? Je, unakwisha akishanyoosha kidole na kusema "tazameni kule", au haujakwisha mpaka awe na hakika kwamba wameona?

Nilimaliza Chuo cha Ualimu Butimba mwaka 1972 na nikastaafu mwaka 2010, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kwa hiyo nimenyoosha kidole kwa miaka thelathini na minane. Swali hili basi si la kupitisha wakati. Ni hesabu yangu mwenyewe.

Nianze na darubini. Mwaka 2011 mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Uingereza alikuja likizo akaniletea zawadi ndani ya boksi refu. Alisema aliiona katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika, akakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiwafundisha sayari kwa machungwa na malimau. Juu ya boksi ilikuwapo picha ya Zohali na pete zake, yenye rangi za kupendeza, na kando yake namba kubwa nyekundu: 525. Maana yake ni kwamba darubini hii inakuza kitu mara mia tano ishirini na tano. Mke wangu alipoiona namba ile aliuliza kama sasa tutaweza kuwaona watu wa Ukerewe wakipika.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuishika darubini, nieleze kwa ufupi. Mbele pana kioo kikubwa kinachopokea mwanga. Changu kina upana wa milimita 60, na mwanga unaopita humo hukutana umbali wa milimita 700 nyuma yake. Umbali huo ndio urefu wa fokasi. Mwishoni, mahali pa kuweka jicho, huchomekwa kioo kidogo cha kutazamia, na hicho hubadilishwa upendavyo. Ukitaka kujua darubini inakuza mara ngapi, gawanya urefu wa fokasi wa kioo kikubwa kwa ule wa kioo kidogo. Ndani ya boksi nilikuta vioo vitatu vya kutazamia, vya milimita 20, 12.5 na 4. Mia saba gawanya kwa ishirini ni thelathini na tano. Gawanya kwa kumi na mbili na nusu, unapata hamsini na sita. Gawanya kwa nne, unapata mia moja sabini na tano. Kisha palikuwa na kibomba chenye lenzi iitwayo ya Barlow, ambayo kazi yake ni kuongeza ukuzaji, na yangu iliongeza mara tatu. Zidisha mia moja sabini na tano kwa tatu, utaipata ile namba nyekundu. Hivyo boksi halikusema uongo. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa.

Usiku wa kwanza nilifanya kama ambavyo kila mwenye tamaa angefanya. Nilichomeka kioo cha milimita 4 pamoja na ile lenzi ya Barlow, nikaelekeza darubini kwenye mwezi, nikatazama. Niliona kitu cha kijivu kinachochezacheza kama kitambaa ndani ya maji. Nikigusa bomba, picha inaruka. Nikiacha kugusa, mwezi unatoroka, kwa sababu dunia inazunguka na ukuzaji ule unakuza mwendo pia. Nilihangaika hadi saa tano usiku. Nilipoingia ndani, mke wangu akauliza, "Umeona?" Nikamjibu, "Nimeona." Naomba msomaji alikumbuke jibu hilo, maana nitalirudia.

Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kosa langu, nami ningeweza kulielewa kwa dakika moja kama ningemtazama mtu akipika uji. Unga ukiwa kikombe kimoja, unaweza kupika uji wa watu watatu. Ukiongeza maji, sufuria itajaa na watu kumi watapata, lakini unga ni ule ule. Ukiendelea kuongeza, mwisho utawagawia watu maji ya moto. Mwanga ndio unga. Kioo changu cha milimita 60 hupokea kiasi fulani cha mwanga, na hakuna kioo cha kutazamia kinachoweza kuongeza hata chembe moja. Ukikuza picha mara mbili, mwanga ule ule hutandazwa juu ya eneo kubwa mara nne. Kutoka 35 hadi 525 ni mara kumi na tano, na kumi na tano mara kumi na tano ni mia mbili ishirini na tano. Picha yangu ya mwezi ilikuwa imefifia mara 225 kuliko ile ya kioo cha milimita 20 nilichokidharau na kukiacha ndani ya boksi.

Tena si mwanga peke yake. Kioo cha mbele kina kikomo cha kupambanua mambo madogo, na kikomo hicho hutegemea upana wake. Watazamaji wa nyota wana kanuni nyepesi ya kukumbuka: upana kwa milimita, zidisha kwa mbili, hapo ndipo mwisho wa ukuzaji wenye faida. Kwangu ni 120. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Ongeza hewa yetu ya kando ya ziwa, ambayo jioni hupanda kutoka kwenye mawe yaliyochomwa na jua mchana kutwa, ikitetemesha kila kitu, na mara nyingi hata 120 hufikii.

Nikaanza kununua. Nilitaka kioo cha milimita 10, cha aina iitwayo Plössl, kwa jina la fundi wa miwani wa Vienna aliyeibuni katika karne ya 19. Kingenipa ukuzaji wa 70, wa kutosha bila kupita kiasi. Nilimtuma mpwa wangu aliyekuwa akisafiri, nikatoa fedha ambazo, nakiri, zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya bati za jiko. Kioo kikaja, kizuri, lakini hakikuingia. Darubini za zamani kama yangu zina tundu la milimita 24.5, na vioo vya siku hizi vina shingo ya milimita 31.7. Hakuna aliyenidanganya. Mimi ndiye niliyeuliza juu ya nguvu nisiulize juu ya kipimo. Fundi mmoja wa kuchonga vyuma pale mjini alinisaidia kwa kunichongea bushi ya kuunganisha, akanitoza fedha kidogo, na hadi leo ndiyo ninayoitumia. Bati za jiko zilichelewa mwaka mzima.

Nakitaja pia kioo kingine kilichokuwa ndani ya boksi, cheusi, kidogo kama kifungo cha koti, kilichoandikwa kwamba ni cha kutazamia jua. Hukazwa kwenye kioo cha kutazamia, yaani mahali ambapo joto lote la jua lililokusanywa na kioo cha mbele linakutana. Kikipasuka, na hupasuka kwa joto hilo, jicho huungua kabla mtu hajarudisha kichwa nyuma, na haliponi. Kioo salama cha kutazamia jua hufunika mdomo wa mbele wa darubini, mwanga upunguzwe kabla ya kuingia. Nilipoelewa hivyo nilikiweka kile cheusi juu ya jiwe nikakiponda kwa nyundo. Mke wangu aliuliza kwa nini nisingekitupa tu. Nilimwambia kwamba katika kijiji chenye watoto, kilichotupwa hakijatupwa.

Sasa nije kwenye usiku ulionifanya niandike haya. Mwaka 2025, tarehe 7 Septemba, mwezi ulipatwa wote. Kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne ulikuwa mwekundu kama udongo wa kufyatulia matofali, na kijiji kizima kilitoka nje kutazama kwa macho matupu. Watoto walifurahi sana, wakasema, "Babu, tutolee darubini tuone na vingine." Nikawaahidi wangoje giza.

Giza lilipofika, karibu na tarehe 21, Zohali ilikuwa ikichomoza upande wa mashariki jua linapozama. Ziwani wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha taa zao, mstari mrefu unaometameta kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Wao hufanya kazi mwezi usipokuwapo, kama mimi. Walikuja wajukuu zangu na watoto wa majirani, wapata kumi na wawili. Nilikuwa nimewachorea Zohali mchana ubaoni, duara lenye pete kubwa pembeni, kama inavyoonekana katika vitabu vyote na juu ya boksi langu. Kisha, pamoja na yote niliyokwisha kujifunza, nilichomeka kioo cha milimita 4. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wageni, nami nilitaka sayari ionekane kubwa. Niseme kweli zaidi: nilitaka mwenye darubini aonekane mkubwa.

Mtoto wa kwanza akaweka jicho. "Unaona?" "Naona, Babu." "Pete je?" "Naziona." Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akaongeza kwamba pete ni nzuri sana. Walipita kumi. Wa kumi na moja alikuwa binti wa jirani yangu, wa darasa la nne, mtoto mkimya. Akatazama kwa muda mrefu. Wenzake wakaanza kumsukuma. Akasema, "Babu, mimi sioni pete. Naona kama ukungu unaotetemeka."

Wenzake wakacheka. Nami, mkono ukiwa tayari umeanza kuinuka kumwonyesha namna ya kutazama vizuri, nikasita. Nikainama nikatazama mwenyewe. Nikaona ukungu unaotetemeka.

Nilikitoa kile kioo, nikaweka cha milimita 10, nikamwambia akizungushe mwenyewe kitasa cha fokasi mpaka picha itulie. Akazungusha. Akanyamaza. Kisha akasema, "Sasa naona. Lakini si pete, Babu. Ni kama chungwa lililochomwa sindano, sindano imetokeza huku na huku."

Msomaji anayefuata mambo ya anga atajua kwamba binti yule alikuwa sahihi kuliko ubao wangu. Pete za Zohali ni pana mno lakini ni nyembamba sana, na kila baada ya miaka kumi na minne au kumi na mitano hivi hutugeuzia ubavu. Machi 2025 ziligeuka ubavu kabisa, na mwezi Septemba zilikuwa bado zimelala hivyo karibu zote. Nilikuwa nimesoma habari hiyo. Nilikuwa nimeisahau ubaoni. Watoto kumi waliniambia wameona kitu ambacho usiku ule hakuna mtu duniani, awe na darubini ya namna gani, aliyekiona kama nilivyokichora. Waliona mchoro wangu. Wakanirudishia, kwa adabu.

Usiku ule nilimkumbuka Galileo. Mwaka 1610 alipoielekeza darubini yake kwa Zohali, naye hakuona pete, kwani vioo vyake vilikuwa dhaifu. Aliona kama miili mitatu iliyokaribiana, mkubwa katikati na midogo pembeni, akaandika hivyo hivyo. Mwaka 1612 ile midogo ikatoweka, kwa kuwa pete zilikuwa zimegeuka ubavu, akaandika kwamba imetoweka, ingawa jambo hilo lilimtatiza na kumfanya aonekane kama mtu asiyejua analosema. Hakuificha aibu ile. Mwaka 1659 Christiaan Huygens alipochapisha maelezo kwamba ni pete nyembamba isiyogusa sayari, maandishi yale yaliyoonekana kama makosa yakawa ushahidi. Kama Galileo angetaka kupendeza, angeandika aliyotazamiwa kuyaona, na sisi tungekosa ushahidi wake.

Lakini zaidi ya Galileo nilimkumbuka mvulana mmoja.

Ilikuwa Aprili 1986. Nyota ya mkia ya Halley, ambayo huja kila baada ya miaka sabini na sita hivi, ilikuwa ikionekana vizuri kwetu huku kuliko Ulaya. Shule niliyofundisha wakati huo haikuwa na darubini wala kitu cha kufanana nayo. Niliwatoa wanafunzi wa Darasa la Saba usiku hadi uwanjani, nikawapanga mstari, nikawaonyesha angani kwa fimbo. Haikuwa nyota ya kutisha. Ilikuwa kama doa la moshi. Wote wakasema wanaona. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, sioni." Nikamwonyesha tena. "Sioni." Wenzake wakacheka, na kicheko kile kikanigusa mahali pabaya, kwani nilidhani ananifanyia mzaha mbele ya darasa. Nikamwambia, "Mwenye macho haambiwi tazama." Kisha nikamchapa viboko viwili, nikampigisha magoti hadi wenzake walipomaliza. Alipoinuka nilimuuliza mara ya mwisho. Akasema, "Sasa naiona, Mwalimu." Nikaridhika. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefundisha mambo mawili, elimu ya anga na nidhamu.

Mwaka 1998, ndani ya kivuko cha Kamanga, mtu mzima mwenye miwani minene alinijia akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu." Sikumtambua. Akajitaja. Tukazungumza habari za shule na za watu waliofariki. Kisha akasema kwa kucheka kwamba alipovaa miwani kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, alikaa chini ya mwembe akitazama juu, akashangaa kuona kwamba mti una majani moja moja. Siku zote alidhani watu wote huuona mwembe kama wingu la kijani. "Na ile nyota ya mkia, Mwalimu, kumbe nilikuwa siioni kweli." Akacheka tena. Nami nikacheka naye. Kivuko kikafika, tukaagana. Sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba mwenyewe amecheka, basi yamekwisha.

Sasa nirudi kwenye swali. Yule mvulana alisema kweli akapigwa. Aliposema uongo akaachiwa. Wenzake walijifunza nini? Hawakuhitaji somo la pili. Na mimi niliposimama mbele ya madarasa kwa miaka ishirini na minne iliyofuata nikiuliza "Mmeelewa?", nikajibiwa "Ndiyo, Mwalimu" kwa sauti moja kama wimbo, nilikuwa nasikia nini? Nilikuwa nasikia sauti yangu.

Najua hoja zinazoweza kutolewa, kwa sababu nilijitetea nazo mwenyewe kwa muda mrefu. Ya kwanza ni kwamba adabu ina thamani yake. Mtoto anayemwambia mkubwa "naona" hataki kumwaibisha, na jamii ambayo kila mtoto anapinga kila mkubwa haikaliki. Nakubali. Lakini nitazame yule binti wa jirani. Aliniita Babu, alisema taratibu, hakumcheka mtu. Hakuna adabu aliyoivunja. Basi adabu na ukweli havikugombana pale uani. Vilivyogombana ni ukweli na majivuno yangu, nayo majivuno yalikuwa yamevaa nguo za adabu.

Hoja ya pili ni kwamba hatuwezi kuona kila kitu wenyewe. Mengi tunayoyajua tumeambiwa. Sijapata kuliona Ziwa Victoria lote, wala sikuwahi kumwona Galileo. Hii nayo ni kweli, na hapa nimejifunza kutenganisha maneno mawili. Hakuna aibu kusema "nimeambiwa" au "nimesoma". Ni maneno ya heshima, na elimu nyingi ya dunia imejengwa juu yake. Lakini neno "nimeona" ni mali ya aliyeona. Anayelitumia bila kuona hawi mwanafunzi mzuri zaidi. Anaiba kidogo kutoka kwenye akiba ya ushahidi tunayoitegemea sote.

Mfano upo hapa hapa Mwanza. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika hapa kando ya ziwa, akaona sehemu ya kusini yenye visiwa na maji, akaamua kwamba hilo ndilo chimbuko la mto Nile. Mwenzake Burton, aliyebaki Kaze karibu na Tabora akiwa mgonjwa, alikataa, akisema ushahidi hautoshi. Speke alikuwa sahihi, na mwaka 1862 alifika Jinja mahali Nile inapotoka. Hata hivyo, kwa yale aliyoyaona mwaka 1858, Burton pia alikuwa na haki ya kuuliza. Speke alikuwa na mwanga kidogo akaukuza sana. Bahati ikamsimamia. Lakini mtu hawezi kufanya bahati kuwa kanuni, na kwa kila Speke mmoja aliyekisia sawasawa, wapo wengi waliokuza ukungu wakauita nchi.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu. Mwalimu ana watoto sabini darasani, na katika miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote, baada ya 1977, wengine tulikuwa na zaidi. Atawezaje kujua kila mmoja ameona? Hawezi. Hapa nakiri kwamba wajibu wangu haukuwa kuhakikisha macho ya kila mtoto. Hakuna aliyenipa chombo cha kupimia macho, na sikujua dalili. Ningalisamehewa kutokujua. Nisichoweza kujisamehe ni kwamba mmoja alinijulisha, kwa mdomo wake, mara mbili, nami nikamlipa viboko. Basi jibu langu kwa lile swali la mwanzo ni hili. Anayeonyesha hawajibiki kuona kwa niaba ya wengine, wala hawezi. Anawajibika kuacha mahali ambapo neno "sioni" linaweza kusemwa bila hofu, na likisemwa, abadilishe kioo kwanza kabla ya kumlaumu mtazamaji. Huenda mtazamaji kweli ni mvivu. Hilo litajulikana baadaye. Kioo kwanza.

Mwezi Oktoba nilitafuta namba ya simu ya yule mvulana, ambaye sasa ni babu kama mimi. Anaishi Sengerema. Nilimwomba aje. Alikuja Januari 2026, akipitia lile daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025, akaniambia kwamba siku hizi unavuka ziwa kabla mazungumzo hayajakolea. Baada ya chakula nilimweleza niliyopaswa kumweleza ndani ya kivuko mwaka 1998. Nilisema, "Nilikupiga kwa kusema kweli. Nakuomba radhi." Hakucheka mara hii. Alikaa kimya, akasema, "Mwalimu, mimi nilishasahau viboko. Nilichokumbuka ni kwamba nilisema naona." Sikuwa na la kumjibu.

Usiku tulitoka uani. Mshtarii ilikuwa juu upande wa mashariki, inang'aa kupita nyota zote. Niliweka kioo cha milimita 20, nikaitengeneza fokasi mpaka vimwezi vyake vikawa nukta safi, nikamkaribisha. Akavua miwani, kwa maana miwani huligombanisha jicho na kioo, akainama. "Sioni vizuri," akasema. Nilimwambia ashike kitasa. Jicho lisiloona mbali halihitaji miwani penye darubini, kama kasoro ni hiyo tu. Huhitaji kioo kisogezwe ndani kidogo. Akazungusha, akapita, akarudi, akatulia. Akahesabu vimwezi kwa sauti. Nilipoinama baada yake sikuona ila madoa, kwa sababu fokasi ilikuwa ya jicho lake. Ikanibidi nizungushe tena ili nipate yangu. Tukaendelea hivyo, kila mmoja akiharibu ya mwenzake, hadi umande ulipoanza kushuka.

Msomaji anayetaka kununua darubini na vikorokoro vyake nitamwachia mashauri machache, maana niliahidi. Usinunue kwa namba iliyo juu ya boksi. Uliza upana wa kioo cha mbele na uimara wa miguu mitatu. Vioo viwili vya kutazamia vinatosha kuanzia: kimoja cha ukuzaji mdogo, cha kutafutia vitu na kutazama Kilimia na Njia ya Maziwa, na kimoja cha wastani kwa mwezi na sayari. Pima tundu kabla ya kutoa fedha. Kama unavaa miwani, au una wageni wanaovaa, chagua kioo kinachoruhusu jicho kukaa mbali kidogo. Vile vyenye nguvu sana hulazimisha kope kugusa kioo. Stendi zile zinazopinda kufuata mzunguko wa dunia ziangalie kwa makini, kwani nyingi zimetengenezwa kwa nchi za kaskazini, na hapa kwetu, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, hazishuki vya kutosha. Stendi ya kawaida ya juu, chini na pembeni inafaa. Hifadhi vioo mahali pakavu, maana unyevu wa ziwa huleta kuvu. Kioo cha jua cha kukaza jichoni usikikubali hata ukipewa bure.

Na wageni wakija, watoto au wakubwa, weka kile kioo kidogo cha ukuzaji mdogo, waonyeshe kitasa kilipo, kisha rudi nyuma hatua mbili. Usiwaulize kama wanaona. Waulize wanaona nini, na ubaoni usiwe umechora kitu.

Mke wangu nilimweleza pia, kwa kuchelewa miaka kumi na minne, kwamba ule usiku wa kwanza sikuona kitu. Akasema alijua.